Lena Richard

Lena Richard (jina la kuzaliwa: Lena Paul, New Roads, Louisiana, 11 Septemba 1892 – New Orleans, 27 Novemba 1950) alikuwa mpishi, mwalimu wa upishi, mwandishi na mfanyabiashara wa chakula nchini Marekani. Alianza akiwa msichana wa kazi katika nyumba ya tajiri, akaja kumiliki migahawa, shule ya upishi na biashara ya vyakula vilivyogandishwa. Kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1939 hutajwa kuwa kitabu cha kwanza cha upishi wa Krioli wa New Orleans kilichoandikwa na Mmarekani Mweusi. Mwaka 1949 alianza kuendesha kipindi chake mwenyewe cha upishi katika televisheni, wakati ambapo sheria za jimbo lake bado ziliwatenga watu weusi na weupe mahali pengi pa umma.

Mazingira aliyozaliwa

New Roads ni mji mdogo katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Uko kando ya ziwa False River, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Mto Mississippi kabla mto huo haujabadili njia yake. Eneo hilo lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa na pamba. Kabla ya utumwa kufutwa mwaka 1865, mashamba hayo yalilimwa na watumwa wenye asili ya Afrika, na baadaye wengi wa wajukuu wao walibaki kuwa vibarua au watumishi wa nyumbani.

Mwaka aliozaliwa Lena ulikuwa wa maana katika historia ya haki za watu weusi. Tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy alikamatwa mjini New Orleans kwa kukaa katika behewa la treni lililotengwa kwa ajili ya Wazungu. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1896 iliamua kwamba kutenga watu kwa rangi hakuvunji katiba, mradi huduma ziwe sawa. Kwa kweli hazikuwa sawa. Mwaka 1898 Louisiana ilipitisha katiba mpya ya jimbo iliyowanyima karibu raia wote weusi haki ya kupiga kura. Lena alikulia na kufanyia biashara zake chini ya sheria hizo, na alifariki kabla hazijafutwa.

Kwa wanawake weusi wa wakati huo kazi zilikuwa chache. Wengi walifua nguo, walilea watoto wa watu wengine au walipika katika nyumba za Wazungu. Mpishi hodari aliweza kusifiwa na wageni wa mwajiri wake, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo na sifa ya meza ilienda kwa mwenye nyumba. Kitabu maarufu cha mapishi ya Krioli kilichotolewa na gazeti la Picayune la New Orleans kuanzia mwaka 1900 kilikusanya mapishi mengi yaliyotoka mikononi mwa wapishi weusi, lakini hakikuwataja wapishi hao kuwa waandishi.

Utoto na kazi ya nyumbani

Lena alihamia New Orleans pamoja na familia yake akiwa bado mtoto. Mama yake alifanya kazi katika nyumba ya familia ya Vairin, familia tajiri iliyoishi katika barabara ya Esplanade. Lena alipofikia umri wa miaka 14 hivi alianza kumsaidia mama yake baada ya masomo.

Mwenye nyumba, Alice Vairin, aliona kwamba msichana huyo anapenda jikoni kuliko kazi nyingine. Alimruhusu kutenga siku moja katika wiki ajaribu mapishi yoyote aliyoyataka kwa kutumia vyakula vya nyumba hiyo. Mpishi wa nyumba alipoondoka, Lena alipewa nafasi ya kujaribiwa, kisha akaajiriwa kuwa mpishi na kuongezewa mshahara. Alice Vairin alimlipia pia mafunzo ya upishi, kwanza mjini New Orleans na baadaye Boston.

Mwaka 1914 Lena aliolewa na Percival Richard, naye akachukua jina la ukoo la mumewe. Walipata binti mmoja, Marie, ambaye baadaye alikuwa msaidizi wake mkubwa katika kazi.

Masomo mjini Boston

Mwaka 1918 Lena Richard alisafiri kwenda Boston, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kusoma kwa wiki nane katika shule ya upishi iliyoanzishwa na Fannie Farmer mwaka 1902. Farmer mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1915, lakini shule yake iliendelea. Alijulikana nchini kote kwa kitabu chake cha mwaka 1896, kilichowazoesha wasomaji kupima viungo kwa vikombe na vijiko vilivyosawazishwa, badala ya kukadiria kwa mkono.

Lena Richard hakupokewa bila masharti. Ingawa Boston ilikuwa mbali na sheria za kusini, inaelezwa kwamba shule ilitaka kwanza ridhaa ya wanafunzi Wazungu kabla ya kumkubali mwanamke mweusi katika darasa lao. Walikubali.

Alipoanza masomo aligundua kwamba mengi yaliyofundishwa alikuwa anayajua tayari, hasa vyakula vizito vya nyama na samaki. Alichojifunza zaidi kilikuwa vitamu vya kumalizia mlo na saladi za mitindo mipya. Wanafunzi wenzake walipoonja mapishi yake ya Louisiana walianza kumwuliza namna ya kuyapika na kuandika maelezo yake. Hapo alitambua kwamba ujuzi uliochukuliwa nyumbani kwao kuwa kazi ya kawaida ya mtumishi ulikuwa na thamani, na kwamba watu wa mbali wangekuwa tayari kuulipia.

Kuanza biashara

Aliporudi New Orleans, Lena Richard alianza kupika kwa ajili ya sherehe: harusi, karamu za familia tajiri na mikutano ya vyama vya mjini. Biashara ya namna hii ilimfaa mtu asiye na mtaji mkubwa. Haikuhitaji jengo lenye meza za wageni, na mpishi aliweza kujua idadi ya walaji kabla ya kununua vyakula. Katika miaka ya 1920 na 1930 alijenga jina miongoni mwa wateja Wazungu na weusi pia.

Chakula alichokipika kilikuwa cha Krioli, yaani upishi wa New Orleans uliozaliwa kwa kukutana kwa Waafrika, Wafaransa, Wahispania na wenyeji wa asili wa Amerika. Chakula kinachojulikana zaidi katika upishi huo ni gumbo, mchuzi mzito unaoliwa kwa wali. Mpishi huanza kwa kukaanga unga wa ngano katika mafuta polepole hadi uwe wa kahawia bila kuungua. Halafu hutia vitunguu, pilipili hoho, supu, na kamba, kaa, kuku au soseji. Mchuzi hufanywa mzito kwa bamia, au kwa unga wa majani makavu ya mti wa sasafrasi, ambao watu wa kusini walijifunza kwa Wachoctaw. Neno gumbo lenyewe hudhaniwa kutoka lugha za Kibantu: katika Kimbundu cha Angola bamia huitwa kingombo.

Shule ya upishi

Mwaka 1937 Lena Richard alifungua shule ya upishi mjini New Orleans akisaidiwa na binti yake Marie. Wanafunzi wake walikuwa vijana weusi. Wakati huo Marekani ilikuwa bado katika mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na watumishi wa nyumbani waliweza kuachishwa au kupunguziwa mshahara wakati wowote.

Lengo la shule lilikuwa kuwapa vijana ujuzi uliopangwa na kuthibitishwa, ili waweze kudai malipo bora kutoka kwa waajiri au kuanzisha biashara zao wenyewe. Lena Richard alijua kwa maisha yake kwamba mpishi aliyejifunza kwa kutazama tu hukosa namna ya kuonyesha thamani yake. Mpishi anayejua vipimo, gharama na utaratibu wa karamu nzima anaweza kujadiliana kuhusu bei.

Kitabu cha mapishi

Kufundisha kulimlazimu kuandika. Mapishi mengi ya Krioli yalikuwa yanarithishwa kwa mdomo, na wapishi wengi waliyaficha kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa riziki yao. Lena Richard alikusanya mapishi zaidi ya 300, akaweka vipimo kamili kwa kila moja, na mwaka 1939 akayatoa kwa gharama zake mwenyewe kwa jina la Lena Richard's Cook Book. Ndani yake kulikuwa na picha yake.

Kitabu hicho kilivuta macho ya waandishi wa chakula wa New York, wakiwemo Clementine Paddleford na James Beard. Mwaka 1940 kampuni kubwa ya uchapishaji ya Houghton Mifflin ilikitoa upya kwa jina la New Orleans Cook Book. Toleo hilo lilimfikisha kwa wasomaji wa nchi nzima, na jina lake lilibaki kama mwandishi. Hata hivyo picha yake haikuwekwa tena. Msomaji wa toleo la 1940 aliweza kupika mapishi yote bila kujua kwamba aliyeyaandika ni mwanamke mweusi. Wanahistoria wa chakula hutumia mfano huu kueleza jinsi mchango wa wapishi weusi ulivyouzwa huku sura zao zikifichwa.

Kazi katika New York na Virginia

Umaarufu wa kitabu ulimletea mialiko ya kazi nje ya Louisiana. Mwaka 1940 alikwenda Garrison, katika jimbo la New York, kuwa mpishi mkuu wa mgahawa wa Bird and Bottle Inn. Vyakula vya New Orleans vilipendwa na wageni waliotoka mji wa New York.

Hakukaa muda mrefu. Mwaka 1941 alirudi New Orleans na kufungua mgahawa wake mwenyewe, Lena's Eatery. Miaka miwili baadaye aliajiriwa Williamsburg, Virginia, mji wa kihistoria uliofanyiwa ukarabati ili kuonyesha maisha ya enzi za ukoloni wa Uingereza. Kuanzia 1943 hadi 1945 alikuwa mpishi mkuu wa Travis House, mgahawa wa mji huo. Huo ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo sukari, nyama na siagi viligawiwa kwa kadi. Mpishi wa mgahawa wenye wageni wengi alihitaji kubuni ili meza isipungue.

Mara mbili alipata cheo kikubwa katika mgahawa wa watu wengine, na mara mbili alirudi nyumbani kufanya kazi yake mwenyewe.

Vyakula vilivyogandishwa

Baada ya kurudi kutoka Virginia, Lena Richard aliingia katika biashara mpya kabisa. Njia ya kugandisha chakula haraka ilikuwa imebuniwa na Clarence Birdseye katika miaka ya 1920, na bidhaa za kwanza ziliuzwa madukani mwaka 1930. Baada ya vita maduka mengi na baadhi ya nyumba zilianza kuwa na majokofu ya kugandisha, na wafanyabiashara wakatafuta vyakula vya kuyajaza.

Katikati ya miaka ya 1940 alianza kuandaa vyakula vya Krioli vilivyokwisha kupikwa, kama gumbo na supu ya kasa, kwa kushirikiana na kampuni ya Bordelon Fine Foods ya New Orleans. Vyakula hivyo vilipakiwa, vikagandishwa na kupelekwa katika majimbo mengine. Mnunuzi alihitaji kupasha moto tu.

Hatua hii ilibadilisha namna ya kupata kipato. Mpishi wa sherehe hulipwa kwa siku anayopika, na mgahawa hulipwa na wale wanaoweza kufika mlangoni. Chakula kilichogandishwa kiliweza kuuzwa kwa mtu asiyewahi kukanyaga New Orleans. Pia katika nchi iliyotenga watu kwa rangi, chakula kiliweza kuingia katika nyumba ambazo mpishi mwenyewe angepitishwa mlango wa nyuma.

Gumbo House

Mwaka 1949 alifungua mgahawa wa Gumbo House katika barabara ya Louisiana mjini New Orleans. Ulikuwa mgahawa wa familia: mumewe, binti yake na ndugu wengine walishiriki katika kuuendesha. Waumini wa kanisa Katoliki la jirani walikuwa miongoni mwa wateja wa kawaida.

Sheria na desturi za Louisiana zilikataza watu weusi na weupe kula pamoja mezani. Inaelezwa kwamba Gumbo House ilipokea wateja wa rangi zote mbili. Kwa mwenye mgahawa mweusi, jambo hilo lilikuwa na hatari. Angeweza kutozwa faini, kufungiwa mlango au kushambuliwa. Miaka 11 baadaye, mwaka 1960, vijana wa New Orleans walikamatwa kwa kuketi katika kaunta za chakula zilizotengwa kwa Wazungu, na ubaguzi katika migahawa ulipigwa marufuku kwa sheria ya nchi mwaka 1964 tu.

Kipindi cha televisheni

Kituo cha televisheni cha WDSU kilianza kurusha matangazo Desemba 1948, kikiwa cha kwanza katika jimbo la Louisiana. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, kilimpa Lena Richard kipindi cha upishi kilichopewa jina la kitabu chake. Kipindi kilionyeshwa mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Alisimama jikoni studioni, akapika hatua kwa hatua na kuwaeleza watazamaji anachokifanya.

Watu weusi walipoonekana katika televisheni au filamu za wakati huo, mara nyingi walipewa nafasi za watumishi au za kuchekesha. Lena Richard alionekana kama mwalimu, naye alikuwa akifundisha watazamaji ambao wengi wao walikuwa Wazungu, kwa kuwa ndio hasa waliokuwa na uwezo wa kununua televisheni. Julia Child, ambaye Wamarekani wengi humkumbuka kama mpishi wa kwanza maarufu wa televisheni, alianza kipindi chake mwaka 1963, yaani zaidi ya miaka 13 baadaye.

Kifo

Lena Richard alifariki tarehe 27 Novemba 1950 mjini New Orleans akiwa na umri wa miaka 58. Kipindi chake cha televisheni kilikuwa kimedumu mwaka mmoja hivi, na Gumbo House ilikuwa bado changa. Mumewe na binti yake waliendelea kuuendesha mgahawa huo hadi ulipofungwa mwaka 1958.

Umuhimu wake

Baada ya kifo chake jina la Lena Richard lilisahaulika kwa miaka mingi nje ya New Orleans. Sababu moja ni kwamba vipindi vya televisheni vya miaka hiyo kwa kawaida havikuhifadhiwa. Sababu nyingine ni picha iliyoondolewa katika kitabu chake: waliokitumia hawakuwa na sura ya kuikumbuka.

Katika miaka ya karibuni wanahistoria wa chakula na wa Wamarekani Weusi wameanza kumrudisha katika nafasi yake. Kitabu chake kimechapishwa tena, na nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans. Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, D.C. pia imeeleza maisha yake katika kazi zake kuhusu historia ya chakula cha Marekani.

Wapishi weusi wa New Orleans walikuwepo kwa karne mbili kabla yake, na wengi wao hawajulikani hata kwa jina. Yeye aliweka jina lake juu ya mgahawa wake, juu ya jalada la kitabu na juu ya kipindi cha televisheni. Ujuzi wake ulitoka katika jiko la watu wengine, lakini faida yake aliifanya kuwa yake, na kupitia shule ya mwaka 1937 alijaribu kuwafungulia wengine njia hiyo hiyo.